Jozi ya Ishirini

"Mwanamume aliyeacha jozi kumi na tisa za spika za muziki," alisema baba yake, akiweka kijiko chini taratibu, "wewe utakuwa wa ishirini."

Fundi alichukua kijiko chake. Alikuwa na miaka thelathini na sita, ana karakana yake ya useremala yenye mashine tatu na wateja wa kupanga foleni, lakini mbele ya baba yake bado alijiona binti wa shule aliyerudi nyumbani na sare yenye tope. Akazungusha chakula kwenye sahani.

Baba yake aliitwa Refa na mtaa mzima. Alikuwa amechezesha mpira miaka ishirini na sita mpaka goti likamstaafisha kabla yeye hajataka. Filimbi alikuwa ameitundika ukutani, ila kuamua alikuwa hajakutundika.

"Simchukii," Refa aliendelea. "Ana adabu, anaamkia vizuri, ana kazi yake mahakamani. Lakini mtu hupimwa kwa rekodi yake. Mchezaji akihama timu kumi na tisa, hata kama anafunga mabao mazuri, kocha lazima ajiulize."

"Spika si timu, Baba."

"Na wewe si spika. Ndiyo maana nasema."

Shangazi, dada yake Refa, aliyekuja kukaa wiki mbili baada ya msiba wa wifi yake na sasa alikuwa anaingia mwaka wa nane, alipangusa midomo. "Hata yule wa kwanza alikuwa na adabu," akasema.

Yule wa kwanza hakutajwa sana humo ndani. Alikuwa mchumba wa Fundi kwa miaka miwili, kisha siku moja akasema hataweza kulala maisha yake yote karibu na mtu anayenuka vanishi. Alisema kwa adabu.

"Huyu hajali vanishi," Fundi akasema, akainuka kutoa vyombo ili wasimwone uso.

Mwanamume aliyekuwa akijadiliwa hivyo mchana wa Jumapili aliitwa Sikio. Alikuwa karani wa mahakama, wa miaka arobaini na tatu, mrefu, mpole, mwenye mashati ya mikono mirefu hata kukiwa na joto. Kazi yake ilikuwa kuvaa hedifoni kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, kusikiliza kesi zilizorekodiwa na kuzipiga chapa neno kwa neno. Wenzake walisema anaweza kukuambia shahidi alimeza mate mara ngapi kabla ya kuapa.

Ugonjwa wake ulianza akiwa na miaka tisa. Mama yake alimtuma kwa jirani, daktari wa meno, kurudisha pasi waliyoazima. Mlango alikuta uko wazi, na ndani mwanamke alikuwa akiimba polepole, na gitaa moja tu. Mtoto akaona si adabu kumkatiza mtu anayeimba. Akasimama kwenye korido na pasi yake mkononi mpaka wimbo ukaisha, ndipo akabisha hodi. Hakuitikiwa. Akachungulia. Sebuleni hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na viti, meza, na maboksi mawili ya mbao yamesimama pembeni mwa dirisha. Daktari mwenyewe alikuwa uani akimwagilia maua.

Tangu siku hiyo Sikio alitaka jambo moja: kukaa sebuleni kwake na kudanganyika tena namna ile. Jozi ya kwanza aliinunua kwa mshahara wa kwanza. Zilikuwa na besi ya kutikisa vikombe kabatini, lakini waimbaji wote walisikika kama wana mafua. Alizofuatisha zilikuwa safi mno, safi kama wodi, hakuna raha ndani yake. Kuna jozi aliyokaa nayo miaka minne akijilaumu mwenyewe. Alihamisha kitanda, akahamisha kabati, mwisho akahama nyumba. Wapi.

Miezi minane iliyopita aliingia karakana ya Fundi na spika tupu zisizo na maboksi, zimefungwa kwenye taulo kama vichanga, na mchoro kwenye karatasi ya hesabu. Maseremala watatu walikuwa wameshamcheka. Boksi ni boksi, walimwambia. Fundi hakucheka. Alichukua ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza. Akagonga mwingine.

"Huu unaongea sana," alimwambia. "Tuuache. Huu unajua kunyamaza."

Sikio alimwangalia kama mtu aliyekaa ugenini miaka mingi, mara akasikia nyuma yake mtu anaongea lugha ya kwao.

Basi wakaanza. Kila Jumamosi alikuja na chupa yake ya chai, akapewa kipande cha msasa, akasugua vibaya, Fundi akasugua upya akijifanya anaendeleza. Walizungumza kidogo. Lakini kila Fundi alipoinua macho kutoka kwenye randa aliyakuta ya mwenzake yanamsubiri, hayakimbii, na joto likampanda shingoni, akarudi kwenye ubao wake na kipimo kimeshampotea. Wiki tatu zilizopita, wakisubiri gundi ikauke, Sikio alisema bila kumtazama:

"Hizi zikiisha, nitakuja kwa baba yako."

"Kumpelekea spika?"

"Kumwomba kitu kingine."

Fundi alikuwa na misumari midomoni siku hiyo. Hakuweza kusema kitu, na pengine ilikuwa heri.

Tatizo lilibaki moja. Wanawake waliimba vizuri ndani ya maboksi yale, magitaa yalilia vizuri, ila mwanamume akishuka chini sauti ilivimba, kama anaongea na ndoo kichwani. Walijaribu hiki na kile. Ndoo ilikataa kuvulika.

Jumanne, siku mbili baada ya maneno ya Refa mezani, Sikio alikuja karakana saa kumi na nusu. Hakuwa na kawaida ya kuja Jumanne. Alikuwa anatembea haraka na tai imekwenda upande.

"Fundi, nimezipata."

Fundi akazima msumeno wa umeme. "Umepata nini?"

"Zile za daktari. Zile zile, Fundi, si zinazofanana nazo. Daktari amestaafu, anahamia kwa mwanawe, anauza vitu vya nyumba. Nimekwenda leo saa ya chakula cha mchana. Bado ana ile sebule. Ameniwekea wimbo dakika mbili hivi, wageni wamejaa, watu wanabeba viti, na mimi nimesimama pale nimerudi mtoto." Akavuta pumzi. "Amekubali nikae nazo mpaka Jumatatu, nikizipenda nizichukue."

Alikuwa na furaha kweli. Fundi hakuwahi kumwona hivyo, uso wote umefunguka, na jambo lililomuuma ni kwamba furaha ile ilimpendeza. Akaangalia meza ya nyuma. Maboksi yake mawili yalikuwa yamekaa pale, yamepigwa vanishi mkono wa pili, yakisubiri wa tatu.

"Na hizi?" akauliza.

Sikio akageuka kuyatazama, na pale akachelewa. Alichelewa kidogo tu. Lakini kukaa na mtu wa masikio miezi minane kunafundisha kusikia kimya.

"Hizi ni nzuri sana," akasema.

"Mwambie hakimu hivyo. Mimi niambie kweli."

"Zina ile ndoo, Fundi. Unajua mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana sijasema zimekwisha." Alifuta mikono kwenye aproni, mara mbili, tatu, hata haikuwa michafu. "Kwa hiyo ndivyo inavyokuwa. Ukiona kasoro, unatafuta nyingine."

"Sijasema hivyo."

"Jozi kumi na tisa zimesema."

Sikio akasimama kama aliyemwagiwa maji. "Hilo neno si lako," akasema. "Nimeshazoea sauti yako. Hilo umepewa."

"Nimepewa na baba yangu, na mimi nikakutetea. Nikatoa vyombo mezani ili nisilie mbele yao." Sasa sauti ilikuwa inamtetemeka, akaikasirikia. "Nimeshawahi kuachwa kwa harufu ya vanishi. Sitaachwa kwa ajili ya besi. Nenda kasikilize spika zako."

"Fundi."

"Nenda."

Akawasha msumeno. Mbao haikuwepo. Msumeno ukalia bure mpaka alipohakikisha mtu ameondoka.

Nyumbani hakuhitaji kueleza zaidi ya habari ya spika za daktari. Shangazi alisoma uso wake mlangoni, na Refa alisoma uso wa Shangazi. Fundi alitarajia aambiwe "nilikuambia". Baba yake akaanza kukanda goti.

"Alikudanganya kuhusu zile zako?" hatimaye akauliza.

"Hapana. Alisema kweli. Ndilo lililoniuma."

"Mm." Refa akaendelea kukanda. "Miaka ishirini na sita sikumpa mtu kadi nyekundu kwa kusimuliwa. Lazima nione rafu kwa macho yangu. Hizo jozi mbili, zako na za daktari, zinaweza kuchezeshwa pamoja?"

"Kivipi, Baba?"

"Mechi. Tunaziweka nyuma ya pazia. Yeye anakaa mbele, haoni kitu. Anasikiliza, anasema ipi bora."

"Atajua tu zangu ni zipi. Amezisikia miezi."

"Hapo ndipo penyewe," Refa akasema. "Akizijua, akazisifu ili anifurahishe mimi, nitaona. Nimeona wachezaji wengi wakijiangusha. Mtu wa kujiangusha simtaki nyumbani kwangu."

"Na akichagua za daktari?"

Baba yake aliinuka. Akamtuma Shangazi atafute shuka pana.

Alipopelekewa habari, Sikio alijibu kwa neno moja, kwamba amekubali, na chini yake akaongeza ombi: pazia liwekwe sebuleni kwake, kwa sababu chumba kile anakijua kila kona. Refa akakubali. Faida ya uwanja wa nyumbani, alisema, anapewa.

Fundi alikuwa na siku tatu kabla ya mechi. Jumatano asubuhi alifunga mlango wa karakana, akaandika "Nitarudi Jumamosi" kwenye kipande cha plaiwudi akakitundika nje, kisha akayaweka maboksi juu ya meza, akayafungua migongo. Hasira ilimsaidia. Aliligonga boksi kila mahali kwa kifundo cha kidole, shavu karibu na mbao, juu, ubavuni, ubavu wa pili. Kimya, kimya, kimya. Kisha akagonga ukuta wa nyuma, chini kidogo ya katikati, na ubao ukamjibu. *Buu.* Miezi minane walikuwa wamepigana na spika, kumbe anayeimba ni ubao.

Alikata vipande vya mbao ngumu, akavikingamisha ndani kutoka mgongoni hadi kifuani, akavipaka gundi na kuvibana kwa jiriwa. Akapunguza sufu ya kondoo waliyokuwa wameishindilia humo kama godoro. Alhamisi mchana gundi ilipokauka akagonga tena. Ubao ukanyamaza. Ijumaa akapiga vanishi mkono wa tatu. Sikio alizoea kuja na amplifaya yake na kurudi nayo, hivyo hakuweza kusikiliza. Alikuwa na kidole chake tu, na neno la kidole.

Jumamosi saa nane mchana walifika kwa Sikio kwa gari la mizigo la jirani: Refa mbele, Fundi na Shangazi nyuma na maboksi yaliyovikwa blanketi. Sikio alikuwa anawasubiri ngazini. Alikuwa amekonda kwa siku nne tu.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," Refa akajibu. "Wewe utakaa hapa nje mpaka nikuite."

"Sawa, Mzee. Ila kuna jambo." Akatoa simu yake. "Yenye sauti kubwa humdanganya msikilizaji. Hii inapima kelele. Tafadhali hakikisha zote mbili zinasoma sawa, isije moja ikaonewa."

Refa alipokea simu, akamtazama kwa jicho jipya kidogo. "Vizuri," akasema.

Fundi alimpita na boksi mikononi. Lakini ngazi ilikuwa nyembamba na boksi lilikuwa zito, na Sikio alipolisaidia kwa chini vidole vyao vilikutana kwenye blanketi. Wote wawili wakatazama kwingine.

Sebule ilikuwa na kochi moja katikati, peke yake kama mshtakiwa kizimbani, rafu za kanda na santuri hadi darini, na alama za utepe sakafuni zilizopimwa kwa rula. Spika za daktari, zilizofika asubuhi ile tu na bado hazijawashwa, zilikuwa tayari mahali pake, nyeusi kwa uzee, kitambaa cha mbele kimechanika pembeni. Fundi alizikagua kama seremala. Kazi nzuri. Kona zilikatwa na mtu aliyekuwa na subira. Alitamani zingekuwa mbovu.

Shangazi akarudi kutoka jikoni. "Ana vijiko vitatu," akanong'ona. "Nyaya za kufungia meli, vijiko vitatu."

Wakafunga kamba ukuta kwa ukuta, wakatundika shuka kwa vibanio. Refa akaingia nyuma ya pazia peke yake, akaunga waya, akarusha sarafu kuamua ipi iwe namba moja na ipi namba mbili, akapima kelele kwa simu na kuandika tarakimu nyuma ya kadi ya njano aliyokuja nayo mfukoni. Binti yake hakuruhusiwa hata kukaribia. Kisha akaenda mlangoni, akamwita Sikio kwa kidole.

Sikio akakaa kwenye kochi. Fundi alisimama mlangoni mwa jikoni, kando ya Shangazi, mikono nyuma.

"Nyimbo mbili," Refa alitangaza. "Wa mwanamke na wa mwanamume. Kila mmoja utausikia kwa namba moja, kisha namba mbili. Ukitaka kurudiwa, sema. Ukimaliza, unaniambia ipi bora, basi. Sitaki hotuba."

"Nimeelewa, Mzee."

"Na kabla hatujaanza, nina swali langu. Kumi na tisa uliziachia nini?"

Sikio alifikiri. "Nilizisikiliza kila moja mpaka nikajua siwezi kujidanganya tena," akasema. "Kuna watu wanaweza kukaa na kitu huku wanatamani kingine. Mimi niliona ni kuvionea vyote viwili."

Refa aliinua mkono juu kama wa kuanzisha mechi. Akazama nyuma ya shuka. Shangazi, aliyekabidhiwa kazi ya kubonyeza rimoti, akabonyeza.

Namba moja. Mwanamke akaanza kuimba na gitaa moja. Fundi alijaribu kusikiliza kwa utaalamu, akashindwa. Damu ilikuwa inampiga masikioni kuliko muziki. Hivyo akamtazama msikilizaji. Sikio alikuwa amefumba macho, viganja juu ya magoti. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili. Kwenye wa tatu akafumbua macho, akaangalia shuka, na mwili wake ukainuka kidogo kwenye kochi, kama mtu anayetaka kusimama kumpisha mgeni. Akakaa tena.

Namba mbili. Mwanamke yuleyule, gitaa lilelile. Sikio akasikiliza kwa heshima, mpaka mwisho, hakusogea.

Kisha mwanamume. Kwa namba moja alishuka chini, chini kabisa, akasimama pale bila kutetereka. Kwa namba mbili alishuka, na mahali fulani karibu na sakafu sauti ikavimba kidogo. Hata Fundi aliisikia. Ile ndoo. Siku tatu, vipande vyote vile vya mbao, na ndoo bado ipo.

"Urudiwe?" Refa aliuliza nyuma ya pazia.

"Hapana, Mzee. Inatosha."

Refa akatoka. Sikio akasimama. Hakumtazama Refa, alimtazama Fundi, moja kwa moja, na macho yake yalikuwa na maji.

"Namba mbili ni zetu," akasema. "Naijua ile sauti ya chini. Umeipunguza sana, Fundi, sijui umefanyaje, lakini ipo." Akameza mate. "Namba moja ni za daktari. Nilitaka kumpisha yule mama akae. Nimengoja miaka thelathini na nne nisikie hivi, na nikisema si bora nitakuwa nakudanganya leo, kisha nitakudanganya kesho, na wewe utajua, kwa sababu wewe unasikia. Namba moja ndiyo bora. Nisamehe."

Fundi alisikia macho yakimchoma. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira, hakuiona. Aliona mtu mrefu aliyesimama mbele ya baba wa mwanamke anayempenda, akijifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ameulizwa swali na jibu lake ni hilo.

"Una hakika?" Refa akauliza.

"Nina hakika, Mzee."

"Unajua maana yake kwangu?"

"Najua. Ungependa nikujibu vingine?"

"La," Refa akasema. "Nisingependa." Akashika pembe ya shuka, akaivuta. Vibanio vikaruka sakafuni kimoja kimoja.

Aliinama kwa shida, goti likilia, akaushika waya wa namba moja kati ya vidole viwili, akaufuata polepole kama anayeonyesha mstari wa goli, kutoka kwenye amplifaya, sakafuni, chini ya utepe, hadi mgongoni mwa boksi. Boksi jipya, lenye vanishi ya mkono wa tatu.

Sikio alipiga magoti, akaufuata waya ule mwenyewe kwa mkono, mara mbili. Akaufuata na wa namba mbili, ukamfikisha kwenye kitambaa kilichochanika. Akabonyeza koni ya spika ya daktari kwa ncha ya kidole.

"Mpira wake umekauka," alisema kwa sauti ndogo. "Umri. Pale kwa daktari sikusikia, nilikuwa nasikia utoto wangu." Akageuka, akakaa sakafuni kabisa na suruali yake ya kazini, akaweka kiganja kwenye ubavu wa boksi jipya. "Fundi, umefanya nini humu ndani?"

Fundi alijaribu kujibu kama fundi. "Ukuta wa nyuma ulikuwa unaimba. Nimeunyamazisha." Na hapo machozi yaliyokuwa yamesubiri tangu Jumanne yakaamua yamesubiri vya kutosha.

Shangazi akampa ncha ya khanga yake. "Lia, mwanangu," akamwambia. "Umeshinda, una haki."

Refa akajitupa kwenye kochi. Akaomba wimbo wa mwanamume urudiwe, kwa namba moja. Akausikiliza wote, mikono kifuani. "Yupo pale," akasema mwishowe, akionyesha nafasi tupu kati ya maboksi mawili. "Amesimama pale pale. Dada, unamwona?"

"Namwona," Shangazi akasema. "Na ni mwanamume mzuri."

Sikio alimfuata Fundi jikoni alikokwenda kunawa uso.

"Niliposema namba moja, nilijua nimekupoteza," akasema.

"Na bado ukasema."

"Ningesema mbili ungebaki nami bure."

Fundi alifunga bomba. "Nilitafuta hasira, Sikio. Kwa dakika nzima. Nilikuwa na haki yake kabisa, na haikuja." Akajikausha uso kwa mkono wa nguo. "Lakini niambie. Siku ukisikia kasoro nyingine?"

"Kwenye spika?"

"Kwenye spika. Kwangu. Popote."

"Nitakuambia. Sitakwenda kwa mtu mwingine kuitafutia dawa. Jumanne nilikosea hapo. Nilikuja kwako na furaha, nilipaswa kuja na tatizo." Akasita. "Na wewe ukisikia yangu?"

"Nitakupiga randa."

Sikio akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kizito, hakikulingana hata kidogo na mashati yake, na Fundi akashangaa kwamba miezi minane yote alikuwa hajakisikia.

Waliporudi sebuleni Refa alikuwa amesimama na kadi yake mkononi, anairudisha mfukoni. Sikio alikwenda akasimama mbele yake, akavuta tai mahali pake.

"Mzee, nilimwambia binti yako kwamba spika zikiisha nitakuja kwako. Wewe ndiye umekuja kwangu. Nisamehe kwa kuomba nikiwa nyumbani kwangu, lakini siwezi kungoja wiki. Namwomba binti yako nimuoe."

"Nilikuja hapa kukutoa nje," Refa akasema. "Nataka ulijue hilo. Nilikuja na uamuzi kamili." Akamtazama binti yake, akamtazama mtu huyu mrefu. "Umeulizwa jambo la kukuumiza, ukajibu kweli. Nimechezesha wanaume elfu, walionifanyia hivyo nawahesabu kwa mkono mmoja. Kwa upande wangu mechi imekwisha. Anayejibu ni yeye."

Wote wakageuka. Fundi alikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele na macho mekundu, na alijua ananuka vanishi kutoka kichwani hadi miguuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujali anasikika vipi, ananuka vipi, anaonekana vipi.

"Nimekubali," akasema. "Nilikubali tangu ile siku ya misumari. Sikuweza kufungua mdomo tu."

Sikio alivuka sebule kwa hatua tatu, akazikanyaga alama zake zote za utepe. Akaishika ile mikono yenye gundi kwenye kucha, akaibusu, wa kulia kisha wa kushoto, kisha akambusu shavuni, mbele ya baba mtu na shangazi mtu. Na Refa, mtu wa sheria, akageuza uso dirishani kwa utulivu mkubwa, akajifanya hajaona rafu.